Mistari Sita Niliyoifuta

Nimekwisha kuandika sura nne za kitabu hiki, na katika zote nne nimejisifu. Sijutii. Mtu aliyeachia shule darasa la sita, leo ana maduka matatu, nyumba ya vigae Musinzira na pikapu mbili za kubebea mabango, akinyamaza kuhusu habari zake, nani atazisema? Ukipita mtaa wa Magarama, hapa Gitega, ukaona juu ya mlango wa duka la dawa herufi nyekundu zinatembea kutoka kulia kwenda kushoto, zikisema dawa zipo na mlango uko wazi, hizo herufi ni zangu. Za kituo cha mafuta ni zangu. Za yule mwenye bucha ambaye hata kusoma hajui, lakini anasimama nje kila asubuhi kuzitazama, ni zangu pia. Watu wananiita Bakari wa Mataa, na mimi naitika. Lakini katika sura ya kwanza niliandika kwamba mimi ndiye wa kwanza kutembeza herufi kwenye kioo cha televisheni katika mji wa Gitega, na kwamba sikufundishwa na mtu. Wiki mbili zilizopita nilifungua daftari ili niifute sentensi hiyo. Nilishika kalamu, nikashindwa. Kufuta ndiyo dhambi yenyewe ninayotaka kuisimulia. Basi sentensi ibaki pale ilipo, na msomaji aisome pamoja na sura hii.

Oda ilikuja kwa simu kutoka Muyinga. Déo, fundi wangu wa miaka mingi, ndiye aliyeipokea. Akaniambia, "Patron, kuna mama mmoja anataka bango la majina kwa harusi ya binti yake. Lakini iko na swali. Anauliza kama spidi inapunguzwa kidogo kidogo, ama inaruka." Nikacheka. Miaka yote hii wateja wananiuliza bei na rangi. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama mwendo unaruka. Nikasema nitaenda mwenyewe. Napenda kwenda mwenyewe, nishuke garini nimevaa suti, watu waone. Tukapita Karuzi asubuhi, tukaingia Muyinga kabla ya saa tano, na Déo akasimamisha gari mbele ya nyumba yenye baraza refu. Barazani palikuwa na cherehani ya miguu iliyofunikwa kitambaa cha bluu chenye pindo jeupe. Nilikitambua kitambaa kabla sijaitambua nyumba. Mama wa miaka hamsini na kitu akatoka, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Karibu, Bakari," akasema. "Umenenepa. Bon, ni vizuri, zamani ulikuwa kama sindano." Alikuwa Zaituni. Suti yangu ikanibana mwili mzima, na Déo, ambaye kwa miaka kumi na mitano amenisikia nikisimulia jinsi nilivyojifunza peke yangu, alikuwa amesimama nyuma yangu na waya mkononi, anasubiri kusikia huyu mama ananijua vipi.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na minane, na nilikuwa mtu wa Mzee Athumani. Mzee huyo alikuwa na studio ya picha Gitega, na alikodisha viti na vipaza sauti kwa harusi za watu. Siku moja alikwenda Bujumbura, akaona nyuma ya kioo cha duka televisheni yenye maneno yanayotembea. Alirudi haongei kitu kingine. Binti yake alikuwa anaolewa mwisho wa kiangazi kinachofuata, na alitaka majina ya koo zote mbili yapite ukumbini kwenye televisheni tatu zilizopangwa mstari mmoja: jina liingie ya kulia, litoke, liingie ya katikati, litoke, liingie ya kushoto, kama mgeni anayepita vyumba vitatu. Tena alikuwa anafungua karakana ya redio na televisheni Bujumbura. Akasema mbele yetu sote pale studio: "Atakayenitembezea majina ya watu wangu, huyo ndiye nampeleka. Nafasi iko moja." Mimi nilikuwa nafagia vipande vya picha sakafuni. Nikasema, "Mzee, ni mimi huyo." Sikujua hata kompyuta inawashwa wapi. Lakini nilikuwa nimeshaziona. Mwezi uliotangulia alinituma Muyinga kupeleka bahasha ya picha za vitambulisho, na katika chumba cha nyuma cha fundi mmoja wa nguo niliona mashine tatu za kompyuta zimechomekwa kwenye televisheni, na binti anazibonyeza.

Fundi huyo aliitwa Mzee Saidi. Alikulia Kigoma, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, na changu alikuwa akikisikiliza huku amekunja uso. "Kijana," aliniambia siku ya kwanza, "Kiswahili chako kimevaa kandambili." Mashine zilikuwa za mwalimu mmoja wa kigeni aliyefundisha mjini pale. Alimpa Mzee Saidi kazi ya kuzishonea vifuniko vya bluu vyenye pindo jeupe, kuzikinga na vumbi jekundu, na binti wa mzee, Zaituni, ndiye aliyevipeleka. Alivipeleka mara moja, akarudi mara mia. Mwalimu akamwacha anakili mazoezi kutoka kwenye magazeti yake. Alipoondoka nchini hakuweza kubeba kila kitu, akasema mashine zibaki na aliyezivisha. Hivyo ndivyo binti wa fundi cherehani, mwenye miaka kumi na tisa na miaka mitatu ya sekondari, alivyokuwa na kompyuta tatu za nyumbani wakati ofisi nyingi za mji hazikuwa na hata moja. Mzee Athumani alikubaliana na Mzee Saidi kwamba nikae pale hadi kiangazi, na kila mwezi atume mchele na sukari. Nikapewa mkeka katika stoo ya vitambaa. Nililala miezi minane kati ya majora ya khanga na kaki, na mpaka leo nikisikia harufu ya nguo mpya isiyofuliwa najiona tena mwizi.

Chumba cha mashine kilikuwa kile cha kukatia nguo. Meza ndefu, chaki za bluu, pasi ya mkaa kwenye kigae, na dirisha lililozibwa gunia ili jua lisifute kioo. Zaituni alizipa mashine majina. Ya kwanza, ya kahawia na nene, aliiita Mkate. Ya pili ilikuwa nyeusi, ndogo, na vibonyezo vyake vya mpira vilibonyea kama nyama ya mdomo wa mtoto asiye na meno. Hiyo ni Ufizi. Ya tatu, ya kijivu, ambayo maandishi yake yote yalikuwa ya Kifaransa, ni Mfaransa. Zote zilizungumza lugha moja ya kompyuta, BASIC, lakini kama sisi tunavyozungumza Kiswahili: mtu wa Kigoma, mtu wa Gitega na mtu wa Buyenzi kule Bujumbura, kila mmoja na yake. Nilidhani kuna kibonyezo kimoja kinachoitwa "tembea". Zaituni alicheka mpaka akakaa chini. Akachukua utepe wa kupimia wa baba yake, akakata dirisha dogo katika kadibodi, akaupitisha utepe kwa nyuma. "Tazama, kaka Bakari. Kioo ni hili dirisha. Maneno ni utepe. Lakini mashine haina mkono wa kuvuta. Kila mara inabidi uikate herufi ya kwanza, uipeleke mwisho wa mstari, kisha uandike upya maneno yote pale pale. Herufi hazitembei. Zinaandikwa upya, hatua moja pembeni, haraka, na jicho linadanganyika." Nilikariri maneno hayo. Nimeyasema mbele ya wateja, mbele ya watoto wangu, mara moja hata redioni, na kila mara nimeyasema kama yangu.

Nilijaribu. Sitaki msomaji adhani nilikaa bure. Niliandika kwenye Mkate mistari minane peke yangu, nikawaita wote waje waone. Nilikuwa nimejaza nafasi arobaini zote za mstari, mpaka ya mwisho, na Mkate ukijazwa nafasi ya mwisho unashuka wenyewe mstari wa chini. Jina langu, badala ya kutembea, likaanza kuruka na kushuka kama kuku aliyetiwa maji. Mama Zaituni alikuwa mlangoni na sufuria ya mboga ya lengalenga. "Yooo," akasema, "Bakari anaanguka ngazi." Mzee Saidi akauliza kama hiyo ndiyo itakayopitishwa mbele ya wakwe. Zaituni akasogea, akabadilisha arobaini kuwa thelathini na tisa, na jina langu likatulia, likaanza kupita taratibu. Tulikula siku ile ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, mikono yote katika sinia moja, na mama akanisogezea ndagala wakubwa kwa sababu, alisema, mtu aliyeanguka ngazi anahitaji nguvu. Nilicheka nao. Lakini ndani nilikuwa nahesabu: mimi jioni nzima, yeye tarakimu mbili.

Kazi kubwa haikuwa kutembeza. Ilikuwa kuzifanya mashine tatu zitembee mwendo mmoja, kwa sababu hazikuunganishwa kwa waya wowote. Kila moja ilikuwa na maneno yote tumboni mwake, na kila moja ilianzishwa kwa mkono, mimi, Zaituni na mama yake kwa makofi ya pamoja. Mfaransa alikuwa mzito, Mkate wa wastani, Ufizi mwepesi. Zaituni hakuwa na saa ya kupimia. Akamwomba baba yake ashone. Mzee Saidi alikuwa na mguu ambao haukuwahi kubadilika; miaka thelathini alikanyaga pedali mwendo ule ule. Basi anakaa barazani anashona pindo kwenye kitambaa kibovu, na Zaituni ndani anatazama herufi na kusikiliza cherehani: mishono kadhaa, hatua kadhaa. Ikizidi, anaongeza kusubiri. Ikipungua, anapunguza. Kisha mwenyewe akaanza kukanyaga sakafu kwa mguu wa kulia bila kujua, mpaka tukimwona anachambua maharage mguu unakwenda. "Mnanimalizia uzi," Mzee Saidi alilalamika. "Mwezi mzima nashona shati la shetani, halina mwisho." Mkate na Mfaransa zikakubaliana. Ufizi ikakataa. Ukiiambia isubiri kumi, inakimbia kidogo. Ukiiambia kumi na moja, inachelewa kidogo. Na kati ya kumi na kumi na moja hapakuwa na kitu.

Zaituni alikaa siku nne anaitazama Ufizi tu. Siku ya tano akaniita. Katika BASIC kuna mistari ya kumbukumbu tu: unaandika neno REM, kisha unaandika chochote, na mashine haifanyi kitu, inapita. "Lakini kupita nako kuna muda wake," akasema. "Kama mtu anayepita mbele ya wazee. Hana shughuli nao, lakini lazima apunguze mwendo asalimu." Akaweka mistari sita ya namna hiyo ndani ya mzunguko, ile sehemu ambayo mashine inairudia kila hatua, namba arobaini na moja hadi arobaini na sita, na katika kila mmoja akaandika jina la mtu. Ufizi ikapunguza mwendo kwa kile kipande kidogo kilichokosekana. Tulipiga makofi, tukabonyeza, na neno la majaribio, refu kama daftari zima, likapita Mkate, likapita Ufizi, likapita Mfaransa, bila kukatika. Mzee Saidi aliacha cherehani akaja kusimama mlangoni na utepe shingoni. Alimshika binti yake kichwani, kama anavyopima kofia, akarudi kazini. Mimi sikusoma majina yaliyoandikwa. Niliona la kwanza ni ZAITUNI, la pili ni la baba yake, nikageuza macho.

Wiki hiyo hiyo, baada ya sala ya adhuhuri, wakati nyumba nzima inapumzika, nilikuwa nimejilaza stoo nikawasikia wazee upande wa pili wa ukuta. Mama alisema, "Aliyeandika ni Zaituni. Nafasi ni ya Zaituni. Atakaa Buyenzi kwa kaka yangu, si kwa watu baki." Mzee Saidi akauliza: "Na huyu kijana?" "Huyu iko na mdomo. Mdomo utamlisha popote." "Basi nitamwambia Athumani siku ya harusi, ana kwa ana. Si jambo la barua." Kisha mama akacheka kidogo, akasema, "Umeona anavyokanyaga sakafu hata akiswali?" Nililala pale nikitazama jora la kaki. Mtu anaweza kusema sikujua. Nilijua. Nilijua nafasi ni ya nani, nilijua ilikuwa inangojewa, na nilijua siku itakayoombwa.

Ijumaa kabla ya harusi nilitangulia Gitega na mashine zote, zimevaa vifuniko vyao, na kaseti tatu zenye kazi yetu. Nimesema "yetu". Mbele ya Mzee Athumani nilisema "yangu". Akafurahi, akaniambia, "Kesho asubuhi kabla ya wageni nitakuja unionyeshe maneno ya ndani, nione kazi ya mikono yako." Mzee alikuwa anajua kusoma. Nikajiona nimesimama naye mbele ya Ufizi, mistari inashuka, na katikati yake ZAITUNI kwa herufi kubwa. Mkate na Mfaransa hazikuwa na jina la mtu. Ufizi tu. Katika mashine zile, kufuta mstari ni rahisi kuliko kukohoa: unaandika namba yake, unabonyeza, umekwisha. Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Nikaendelea hadi arobaini na sita bila kusoma, mpira ule laini ukibonyea chini ya kidole changu. Nikaandika mstari mmoja mpya mwanzoni kabisa, nje ya mzunguko: KAZI YA BAKARI. Nikaita vijana wawili wa studio wanisaidie kubonyeza, nikajaribu kwa maneno machache, karibu-wageni-karibu, yakapita safi vyumba vyote vitatu. Nikasema, unaona, hata bila majina yake inakwenda. Nikahifadhi kwenye kaseti, juu ya kazi yake. Niliamini kwamba mistari ile ilikuwa maringo. Nilikuwa mtu wa maringo, nikadhani kila mtu ni hivyo.

Siku ya harusi Zaituni na mama yake walifika na gari la asubuhi, wamevaa vitenge vya aina moja alivyoshona Mzee Saidi. Mzee mwenyewe alibaki. Mguu wake wa pedali ulikuwa umevimba, akampa mke wake ujumbe wa kusema. Mzee Athumani hakupata nafasi ya kuja kusoma maneno ya ndani, wageni walimwahi. Ukumbi ulijaa, sahani za pilau zinapita juu ya vichwa. Upande wa bwana harusi walikuwa wametoka Mutaho, na mbele kabisa walimketisha bibi yake, mzee sana, mwanamke ambaye hakujua kusoma lakini alikuwa ameahidiwa kwamba jina lake litapita televisheni tatu na mjukuu atamwonyesha kwa kidole. Mimi nilikaa kwenye Mkate kulia, Zaituni kwenye Ufizi katikati, mama yake kwenye Mfaransa kushoto. Zaituni alipiga makofi, tukabonyeza. Majina ya upande wa binti yakapita, moja, la pili, la kumi, na watu wakasimama na sahani mikononi, vinywa wazi. Mzee Athumani alikuwa ananipa ishara kwa kidole gumba. Kisha nikaona herufi zinaingia katikati kabla hazijatoka kwangu. Kidogo tu, herufi moja. Kisha tatu. Nikamwangalia Zaituni. Mguu wake ulikuwa unakanyaga, ukasimama. Alikuwa anatazama kioo kama mtu anayemsikiliza mgonjwa akipumua. Herufi saba. Kumi. Watoto wakaanza kucheka. Na jina la bibi wa Mutaho, ambalo liliwekwa la mwisho kwa heshima, likatoka katikati na kushoto halikuingia. Likabaki mkia tu, kichwa hakiko popote. Mjukuu akashusha kidole. Bibi akasema kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, ukumbi mzima ukamsikia: "Ni mimi huyo? Mbona mmenikata?"

Mzee Athumani alituita nyuma, pale kwenye masufuria. Hakupaza sauti. "Mmenivunjia heshima mbele ya wakwe. Nani ameandika hii kitu? Bakari, si ulisema ni kazi yako?" Mama Zaituni alikuwa ameshafungua mdomo, na najua alichotaka kusema, kwa sababu nilikisikia kupitia ukuta: ni binti yangu aliyeandika, na nafasi ni yake. Nikamwahi. "Ni huyu binti, Mzee. Zile mbili ni zangu, ile ya katikati ni ya kwake. Mi nilimwambia iko na makosa, hakusikia." Zaituni aligeuka akanitazama, si kwa hasira, alinitazama kama alivyokuwa anatazama herufi, akihesabu. Kisha akasema, "Nisamehe, Baba." Mzee akamwambia kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kofi, "Si kosa lako, binti. Ni kosa la aliyekupa kazi isiyo ya kwako. Rudi usaidie wazazi." Mama yake akafunga mdomo. Ujumbe wa Mzee Saidi ulibaki ndani yake. Walivisha mashine vifuniko vyao, wakapakia, wakaondoka bila kula. Wiki mbili baadaye nilikuwa Bujumbura, kwa sababu mimi, alisema Mzee Athumani, angalau niliona makosa. Kila nilichonacho kilitoka katika karakana ile: kuchomelea, kusoma michoro, wateja wa kwanza, mke. Sura zile nne zote zimesimama juu ya masufuria yale ya pilau.

Basi miaka hii yote baadaye nimekaa kwenye baraza lile lile, nimeletewa chai ya tangawizi, na binti yake anayeolewa, Mwamini, anapita na beseni la vitunguu akiniita baba mdogo. Déo alikuwa anapima ukuta. Mzee Saidi na mkewe walishafariki, na mimi sikuja kuzika. Zaituni alikuwa ameshona maisha yake yote. Alikuwa na mafundi watano chini yake, na shule nzima ya mtaa ilivaa sare za mkono wake. Nilianza: "Zaituni, ile siku ya Gitega..."

"Mistari sita," akasema.

Déo aliacha kupima.

"Ulijua?"

"Kabla majina ya wakwe hayajafika nusu. Nilihangaika na mwendo wa ile mashine miezi minane, Bakari. Nilijua bila majina inakimbia kiasi gani, maana ndivyo ilivyokuwa kabla sijayaweka. Nilihesabu: ni haraka ya mistari sita. Si mitano. Nikasema, hata mmoja hakuuacha."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini, mbele ya mapishi? Mzee, huyu amefuta namba arobaini na moja? Ungeelewa wewe peke yako, na wewe ndiye uliyefuta." Akanywa chai. "Nilirudi nikamwambia Baba ni umeme. Alikufa anasema umeme wa Gitega ni mbaya."

Nikamwambia nataka kusimama kesho kutwa mbele ya wageni niseme yote. Nilikuwa na machozi, na nakiri kwamba hata katika machozi yale nilishajiona nimesimama na kipaza sauti, ukumbi kimya, watu wananistaajabia jinsi ninavyokiri. Aliliona. "Hapana. Harusi ni ya Mwamini, si ya kwako. Kama unataka kusema, andika. Si unaandika kitabu? Huyu fundi wako alinisimulia kwenye simu." Kisha akavaa miwani, akachukua orodha ya majina, na huku anaisoma akauliza kama mtu anayeuliza bei ya vifungo: "Uliisoma lakini, ile mistari, kabla ya kufuta?"

"Nilisoma miwili. La kwako na la Baba."

"La tatu Mama. La nne na la tano bibi zangu. La sita wewe. Majina yako yote matatu." Akanitazama juu ya miwani. "Usianze kujivuna. Nilihitaji herufi nyingi, na kwetu hakuna mwenye jina refu hivyo."

Déo akageukia ukuta, akaanza kupima tena mahali alipokwisha kupima. Katika njia ya kurudi siku ile, tulipofika Karuzi, akazima redio.

Harusi ilikuwa mchana wa Jumapili. Nilivaa shati tu. Bango langu lilikuwa moja, refu, la kisasa, majina yote yakapita mstari mmoja bila kukatika, na mwendo wake unapangwa kwa kitufe, hatua ndogo ndogo, hauhitaji jina la mtu yeyote. La Mzee Saidi lilipita, la Mama Zaituni likafuata, na mahali pa fundi wa bango, ambapo kila siku naweka langu, sikuweka kitu. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa namtazama mama wa bibi harusi, amekaa meza ya mbele na kitenge kipya, na chini ya kitambaa cha meza niliona kiatu chake cha kulia kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka. Kikasimama. Akainua kichwa, akanitafuta kati ya watu mpaka akanipata, akaniita kwa kidole. Nikaenda, nikainama.

"Inakimbia kidogo," akasema.

Mimi sikuona kama inakimbia. Nikaenda kuipunguza.